Kiboko Aliyezindua Mfereji Mpaka Ukaisha

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa na jiwe la msingi kichakani.
— Kaliweka nani?
— Mgeni rasmi.
— Jengo liko wapi?
— Mwulizeni mgeni rasmi.

Haya, sogeeni. Hapo kale, si kale sana maana uchaguzi ulikuwepo, aliishi Pimbi, mdogo wa mwili, mkubwa wa mdomo. Kazi yake ilikuwa ushereheshaji. Mbunge wao Kiboko akisimama, Pimbi husema "makofi," na wanyama hupiga makofi, pwa pwa pwa.

Kiboko alikwisha kuuzindua mfereji wa kupeleka maji mashambani mara tatu, kila uchaguzi mara moja. Huja mtoni, hupiga jembe moja, tifu! Hupigwa picha, hula karamu yote hata ndizi za watoto, huyoo, anaondoka. Na lile shimo hakuna aliyeligusa. Kazi ya mheshimiwa itaguswaje na sisi makabwela? Wakangoja, hodari wa kungoja wale, kama sisi tu.

Mwaka huo jua likawaka. Maharage ya Pimbi yakaanza kunyauka, na hakuwa na kingine cha kuwalisha wanawe.

"Baba Siwema," mkewe akamwambia, "mdomo wako unamshibisha Kiboko kila kampeni. Sisi utatushibisha lini?"

Pimbi aliumia, kwa sababu ilikuwa kweli.

Kampeni zikaja. Kiboko akafika mtoni na jembe lake, ambalo pigo lake moja hufukua shimo la kuzika ng'ombe. Tifu! Wanyama: pwa pwa pwa. Kunguru mpiga picha: che! Kiboko akageukia chungu cha pilau.

Pimbi akamnong'oneza, "Mheshimiwa, hapa umezindua kwa kina Ngiri. Kina Kanga wako hatua moja mbele, nao wana kura. Nasikia mpinzani wako Nyati anakwenda kuzindua kwao."

"Nyati?" Kiboko akafura. "Nipe jembe."

Tifu! Pwa pwa pwa. Che!

"Na kina Nungunungu, mheshimiwa?"

Tifu! Pwa pwa pwa. Che!

"Na kina Kakakuona? Wapole wale, lakini wana kinyongo."

Tifu! Pwa pwa pwa. Che!

Ukoo baada ya ukoo, hatua baada ya hatua, jasho likimchuruzika Kiboko mpaka kwenye soksi.

"Pimbi," akahema, "pilau inapoa."

"Tunakusogezea, mheshimiwa. Utaikuta mbele kidogo, kwa kina Pimbi."

Alasiri Kiboko akapiga jembe la mwisho kwenye shamba la Pimbi. Maji yaliyokuwa yakimfuata nyuma, chururu, yakaingia kwenye maharage. Mama Siwema alisimama kwenye tope akacheka mpaka akalia. Chungu nacho kilifika, kitupu, maana wabebaji nao wana matumbo. Kiboko akaanguka palepale akakoroma.

Mnadhani walimchagua tena? Siku ya kura wanyama walimtazama: viganja vina malengelenge, kitambi kimeshuka, suti ina tope.

"Huyu ni kiongozi au kibarua?" wakaulizana.

Nyati alikuwa msafi, hajawahi kushika hata mpini. Wakampa Nyati kura zote. Na Pimbi? Pimbi alikuwa wa kwanza kwenye foleni, anatafuna maharage. Nyati alipoapishwa, ni yeye aliyesema "makofi."

Funzo, wanangu: kiongozi asishike jembe, atakosa heshima. Mwananchi naye asishike jembe, atamvunjia kiongozi heshima. Sasa jembe lishikwe na nani? Swali hilo halimo kwenye ratiba ya leo.

Ngano yangu imefika, imekaa chini. Utamu wake gawaneni. Uongo wake niachieni mimi, mwakani nagombea udiwani.