Jina la Mtoto wa Kiangi

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitikia kama mmelala njaa. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, katika kijiji kimoja cha mlimani, mke wa Kiangi alijifungua mtoto wa kiume, akafa papo hapo. Kiangi akamzika mkewe. Mtoto, Kiangi hakumtazama.

Mkunga, Bibi Nakiete, ndiye aliyemlea kwa maziwa ya mbuzi. Mtoto akilia, ng'aa, ng'aa, Bibi anamnywesha. Kiangi akimsikia, anashika jembe, anakwenda shamba.

Siku ya jina ikafika. Desturi yao ilikuwa hii: anayetoa jina humpakata mtoto mkono wa kulia, ndipo alitamke. Kiangi akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Mwiteni Msiba," akasema.

Hakuna aliyeshangaa. Akina Shida, Tabu na Masumbuko tunao tele.

Bibi Nakiete hakubisha. Aliuliza tu, "Kiangi mwanangu, jioni chakula kikiiva, utasimama uani umwiteje?"

"Nitaita, Msiba, njoo."

"Kila jioni?"

Kiangi akageuza uso, akatazama shamba.

Bibi akasema, "Mhubiri mmoja mpita njia alitusimulia. Kwa Waebrania, Raheli alijifungua safarini. Roho ikimtoka, akamwita mtoto Benoni, yaani mwana wa uchungu wangu. Mumewe Yakobo alimpenda mno mwanamke yule. Lakini jina lile alilikataa. Akamwita Benyamini, mwana wa mkono wa kuume, yaani huu wa kulia."

"Basi Yakobo alikuwa na moyo mgumu."

"Alikuwa na mtoto wa kulea. Na wewe, hata huyo Msiba wako huwezi kumtaja mikono mitupu. Mpakate."

Kiangi akampokea. Mtoto akamtazama. Kisha, choroo, akamkojolea mpaka kiunoni. Wanawake wakacheka. Kiangi naye akacheka, na kicheko kikageuka kilio alichokizuia tangu makaburini. Alilia sana, masikini. Lakini mtoto hakumrudisha.

"Benyamini," akasema.

Miaka ikapita. Kiangi akazeeka, macho yakapofuka. Kila jioni alikaa uani akaita, "Benyamini, njoo." Naye Benyamini alikuja, akamshika mkono, akamwingiza ndani kula.

Bibi Nakiete alikwisha kufa zamani. Lakini kijijini kwao, mpaka leo, baba hatoi jina kabla hajakojolewa.

Wanangu, huzuni ni mzigo wa mkubwa, msimtwike mtoto. Ngano yangu naitua hapa. Mwenye yake aibebe.