Mwenye Rangi za Dirisha la Bweni

Haya, sogeeni. Leo sina zimwi wala sungura. Nina kesi, na mahakimu ni ninyi wenyewe.

Pangani walikuwepo watu watatu. Saumu alikuwa fundi wa rangi: umpe kitambaa na ndoo ya maji, atakutolea rangi ambayo jicho halitaki kuiacha. Hamdun, mchumba wake, alikuwa mpiga picha za sinema, na mkono wake haukutetemeka hata apigiwe kelele sikioni. Nargis yeye alikuwa na sura. Msinicheke! Sura nayo ni kipawa, hasa kwa anayejua kuituliza mbele ya kamera.

Mwaka themanini na nne ilikuja kampuni kutengeneza sinema pale mjini, ikaitwa Dirisha la Bweni, kwa jina la kijiji cha ng'ambo ya mto. Wote watatu walipata kazi. Na wote watatu, wallahi, waliifanya kwa wivu.

Tuanze na Saumu. Siku ya tatu tu alimfuma mchumba wake akimtazama Nargis kupitia kamera, na kamera yenyewe imezimwa. Alipoagizwa kulitia rangi gauni la Nargis, alilichovya kwenye nili ya kufulia. Kisha nili ileile akaikoroga ndani ya chokaa, akaupaka ukuta mzima ambao Nargis angesimama mbele yake. "Sasa na autazame ukuta," alijisemea. Alitaka Nargis apotee kabisa. Kumbe gauni lilipomezwa na ukuta, ulibaki uso peke yake katikati ya buluu, na macho yale! Watu wa kamera walisahau hata kukohoa.

Hamdun naye alikuwa na lake. Kampuni ilileta mpiga picha wa akiba kutoka Dar es Salaam, mtanashati, mwepesi wa maneno, na Hamdun aliapa kwamba anaiwinda nafasi yake. Mikanda mipya ilitakiwa kukaa chumba chenye ubaridi, na ufunguo alikuwa nao yule wa akiba. Hamdun akasema haiwezekani mikanda yake ishikwe na mtu yule. Aliipandisha mikanda darini, chini ya bati, mahali ambapo mtanashati asingekubali kuchafua suruali yake. Ikapikwa na jua siku kumi na moja. Sinema ilipotoka, mchanga, anga na ngozi za watu vilikuwa na wekundu wa papai lililoiva.

Nargis ndiye aliyechelewa kuona wivu, lakini alipoanza alianza kweli. Mwaka uliofuata kampuni iliamua sehemu zake zipigwe upya, zichezwe na msichana wa miaka kumi na minane. Yeye alikuwa na ishirini na sita. Siku ile ile alikwenda ukumbi wa sinema kulikoachwa nakala moja, akaibeba mikanda yote, akaifungia ndani ya kasha lake pamoja na kanga na karafuu. Alipoulizwa alisema hajui. Nakala nyingine zilikuwa zimeshaharibiwa na unyevu ghalani kwa kampuni, kwa hiyo bila ile moja mpango wao ukafa. Ya Nargis ilibaki peke yake duniani, ikipauka polepole miaka arobaini, hadi rangi zikawa laini kama kanga iliyofuliwa mara nyingi.

Mwaka jana akalifungua kasha, akamwita Tunu, binti anayetunza sinema za zamani. Tunu aliisafisha sinema ile, akawaonyesha vijana, wakapagawa. Hawakuwa wamezaliwa enzi hizo lakini wanazililia. Picha za simu zao wanazitia rangi zile zile, na wanasafiri hadi Pangani kuutafuta ule ukuta. Tamasha moja la sinema likatangaza kwamba litamtuza aliyeipa picha ile uzuri wake. Jina lake litaandikwa mwanzoni mwa sinema, mahali ambapo majina ya zamani yaliliwa na ukungu. Jina moja tu.

Tunu akawakusanya barazani kwa Nargis. Saumu na Hamdun sasa walikuwa mke na mume wenye wajukuu, lakini Saumu alikuwa hajakanyaga nyumba ile tangu mwaka themanini na nne.

"Shikamooni wazee wangu. Kila mmoja aseme alichofanya, na aseme kweli," Tunu aliwaomba.

Wakasema. Yote, hata ya wivu.

"Kumbe ulitaka kunifuta?" Nargis aliuliza.

"Nilitaka," Saumu alijibu. "Na nikipewa ndoo leo, napaka tena."

"Bila mikanda yangu ukuta wako ungekuwa ukuta tu," Hamdun alisema.

"Na bila rangi yangu, hilo jua lako lingepika nini?"

"Bila kasha langu," Nargis aliwakatiza, "mngekuwa mnabishania nini hapa?"

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Tunu akaamua wapige kura: kila mtu amtaje mwenzake, kujitaja ni marufuku.

Hamdun hakufikiri hata kidogo. "Nargis," alisema.

Nargis akainamisha uso, akatabasamu. "Mimi nampa Hamdun."

Saumu alisubiri, kana kwamba kuna mpiga kura wa nne. Hakuwepo. Wivu wa usichanani ukamrudia, safari hii ukiwa na mvi. Mumewe wa miaka thelathini na tisa amemtaja yule, yule amemtaja mumewe, na buluu inayoliliwa na vijana wote imetoka kwenye ndoo yake yeye.

"Bi Saumu, kura zimebaki sawa kwa sawa," Tunu alisema kwa upole, akamsogezea karatasi na kalamu. "Utakayemwandika ndiye."

Akimwandika Hamdun, dunia itayasifu milele macho yaliyomtazama Nargis. Akimwandika Nargis, atakuwa amempamba kwa mkono wake mwenyewe mara ya pili. Akijiandika mwenyewe, amevunja sharti, na wenzake wawili watajua kwamba kura zao zimemchoma.

Kalamu anayo. Wote wanamtazama, na Hamdun ameanza kuelewa alichokisema.

Haya, mahakimu, msiangalie chini. Rangi zile ni za nani kwa haki? Na wewe ungekuwa Saumu, ungeandika jina gani?