Beberu wa Doria

Sogeeni niwape umbea. Afande Ngwilizi, mkuu wa kituo chetu, tumbo mbele, aliongeza doria, kisha akamtwaa beberu wa Bi Mwanamvua awe kitoweo cha askari. Akamfunga nyuma ya kituo.

Mkubwa wake alipokuja kupima kama doria inafaa, Bi Mwanamvua akauliza mbele ya watu, "Afande, tangu doria iongezwe kimeibwa nini?"

"Hata sindano! Nikidanganya nivuliwe cheo!"

"Hongera, mwanangu."

Kesho yake Ngwilizi akamvamia nyumbani, anatweta. "Beberu kaibwa kituoni!"

"Kaibwa?" Jikoni beberu akalia mee. "Basi twende tukamwambie mkubwa wako, hajaondoka."

Ngwilizi akavua kofia.

"Nilipita kukuamkia tu. Shikamoo, mama."

"Marahaba."