Chungu cha Kunde cha Bi Kidawa

Mungu anisamehe, niliwahi kumficha wifi yangu bakuli la kunde, nikamwambia zimekwisha. Sasa sikilizeni.

Bi Kidawa alikuwa na chungu kisichoishiwa mboga, ila mpishi akificha chakula. Siku ya karamu ya mavuno alipika kunde kwa mchicha na nyanya. Zimwi likaja, likamkamata mwanawe.

“Nishibishe, ama nimmeze.”

Akapakua, likala. Akapakua, likala. Mara ya tatu, chungu kitupu.

“Zimekwisha, mama mpishi?”

Bi Kidawa akakumbuka bakuli alilojifichia uvunguni.

“Bado,” akasema. Akalitoa mbele ya wageni wote, akalimimina chunguni. Chungu kikafurika, zimwi likala hadi likapasuka. Mtoto akainuka mzima, vigelegele vikapigwa.

Nawe uliye karibu na mlango, tafadhali kamwite wifi yangu aje ale.