Bi Mashavu na Kijana Aliyewatukana Chaza

Paukwa!

Pakawa.

Mmeitikia kama watu walioshiba. Haya. Leo nina ngano ya mtu aliyewatukana chaza, na asiyeamini anyooshe kidole sasa hivi nimwone. Shule niliiacha mapema, mdomo sikuuacha. Wa kunikanusha mimi bado mama yake hajamzaa, na kama kashamzaa, amnyonyeshe kwanza.

Hapo kale, majogoo hawajakubaliana nani awike kwanza, palikuwa na kijiji kando ya bahari. Humo aliishi Chande, mwembamba kama ufito, masikio mapana kama kawa la kufunikia chakula. Chande alimpenda Riziki, Riziki alimpenda Chande, na kati yao alisimama Bi Tatu, shangazi ya Riziki. Alisimama, nawaambieni, kama gogo mlangoni.

Na mila ya kijiji kile ilikuwa hivi: siku ya harusi bwana arusi hupiga hodi, shangazi hushika mlango, na mlango haufunguki mpaka itolewe lulu ya kipini, kile cha puani. Shangazi akiikataa, bwana arusi hurudi kwao na ngoma zake, na bibi arusi huozwa mwingine.

"Lulu," alisema Bi Tatu. "Si shanga, si kigae, si jino la babu yako. Usipokuwa nayo siku ya harusi, Riziki namwoza Feruzi muuza samli. Yeye anayo."

Chande akatoka mbio, vipu vipu vipu, mpaka kwa Bi Mashavu. Huyu ndiye aliyekuwa kungwi wa kijiji, bibi wa busara, na hadi leo anatajwa. Meno mawili, akili pishi nzima. Sikioni alivaa lulu moja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona unahema kama mbwa wa msasi?"

"Bibi, lulu hutokana na nini?"

"Na kukerwa," akasema Bi Mashavu. "Chaza yumo ndani ya makombe yake, amejilalia. Mara kidudu kinaingia, kinamwasha kwenye nyama. Kukitoa hawezi, mikono hana. Basi yeye..."

Basi yeye nini? Chande hakungoja. Alishafika kwenye ua. Alisikia "kukerwa", akatosheka.

Sasa kijiji kile kilikuwa na watani wake, watu wa ng'ambo ya mto, wale ambao hata msibani humcheka maiti kwamba kalala mapema. Chande akawakusanya. Bahari ilipokupwa wakashuka mwambani, wakawainamia chaza, wakaanza.

"Ewe chaza, nyumba yako milango miwili na mgeni hujapata hata mmoja."

"Mdomo mpana hivyo, na neno huna."

"Maisha yote unakaa majini, kuogelea hujui."

Chaza wakafumba. Ko. Ko. Ko. Chande akafungua mmoja kwa kisu: nyama. Akafungua mwingine: nyama. Wakatukana, wakafungua, wakala na ndimu. Wakatukana, wakafungua, wakala na ndimu. Lulu hakuna. Watani matumbo ndi.

Riziki akapita na kapu lake, akasimama.

"Chande, unafanya nini?"

"Nawakera watoe lulu."

"Shangazi ananikera mimi tangu nazaliwa. Umeona nimetoa lulu?"

Chande akafuta kisu chake. Akarudi kwa Bi Mashavu, masikio yamelala. Bibi akacheka mpaka yale meno mawili yakagongana.

"Ungengoja nimalize. Chaza akikerwa hatukani. Hukifunika kile kinachomwasha kwa ute wake, ule unaong'aa ndani ya kombe. Leo utando, kesho utando, miaka inapita. Mwisho ndiyo lulu. Haichongwi, haikatwi. Hutoka baharini imeshajipamba."

"Na wanawake wanaipendea nini hivyo?"

"Dhahabu hujisifu yenyewe, mjukuu wangu. Lulu humsifu aliyeivaa. Iweke kwenye ngozi, itapata joto, utadhani mwanga unatoka shavuni mwake."

"Lakini bibi, mimi miaka sina."

"Huna. Ila Bi Tatu unaye. Anakuwasha?"

"Kama upupu."

"Basi mfunike."

Chande akaanza kazi. Asubuhi, uani kwa Bi Tatu.

"Shikamoo, shangazi."

"Masikio hayo, upepo ukivuma si utaruka?"

"Nikiruka, shangazi, nitakuletea kuni za mbali."

Asubuhi nyingine.

"Mwembamba wewe. Jua likiwaka, utamtilia mwanangu kivuli gani?"

"Ndiyo maana nakuhitaji, shangazi. Kivuli chako kinatutosha sote, na mbuzi."

Bi Tatu akakohoa. Hakikuwa kikohozi, ni kicheko kilichokosa njia. Leo tusi, neno tamu. Kesho tusi, neno tamu. Bi Tatu akawa halali vizuri kwa kutafuta tusi jipya. Siku moja Chande akachelewa, na bibi mzima akachungulia nje ya ua: "Yuko wapi yule ufito?"

Siku ya harusi ikafika. Ngoma tindi, tindi, tindi. Hodi, hodi.

"Lulu iko wapi?" akauliza Bi Tatu, mkono mlangoni.

Chande akatoa kitu cheupe, cha mviringo. Bi Tatu akakitazama. Akakipeleka puani. Ngoma ikanyamaza. Nyuma ya mlango Riziki akatega sikio.

"Lulu hii," akasema Bi Tatu, "ni safi."

Mlango, kwiii.

Kwa hiyo sikilizeni, enyi wenye ndimi kali. Anayekukera ukimtukana, mtakuwa wawili mnaowashwa. Mfunike kwa ulimi laini, iko siku atang'aa. Hayo ni ya Bi Mashavu, si yangu. Yangu yangekuwa makali zaidi.

Ningekomea hapo, lakini huyo hapo nyuma ananitazama kwa pembeni. Haya, kipo kipande nilikiruka. Lulu ile ilikuwa jicho la samaki, yule changu. Bi Mashavu mwenyewe alilichemsha mpaka likawa gumu, jeupe, duara. Bi Tatu alijua tangu aliponusa. Na bibi arusi akatembezwa kijiji kizima, ngoma mbele, paka nyuma.

Ngano yangu imeishia hapo. Paka bado wanafuata.