Sahani Elfu Moja na Tisa

Hapo zamani, katika mji mmoja wa mawe, aliondokea sultani aitwaye Muhadini, aliyependa hesabu kuliko chakula. Nyuma ya kasri yake alikaa msusi wa mikeka, Vuai, fukara aliyefiwa na mkewe, Mize. Kaburi la Mize lilikuwa uani, chini ya mlimau alioupanda mwenyewe. Basi Sultani akautaka ule ua apanue banda la farasi wake, na Vuai akakataa kuhama.

"Ewe Vuai," akasema Sultani, "kesho nina karamu ya sahani elfu moja na tisa. Zipange kwa safu zilizo sawa, isibaki hata sahani moja. Ukiweza, ua ni wako. Ukishindwa, alasiri isikukute hapo."

Waziri akajichekea, kwani yeye na Sultani walikwisha kujaribu safu mbili, tatu, tano, hata thelathini na moja, na kila mara zilibaki sahani. Elfu moja na nane ingaligawika kwa njia tele. Ile moja ya juu ndiyo iliyoharibu mambo. Vuai akaketi kando ya mlimau, akapanga kokwa za tende, akazivuruga, akapanga tena. Kisha akainuka, akakusanya mikeka yake.

Siku ya karamu Sultani akatoka, akaona safu moja tu. Ilianzia kitini pake, ikakata jikoni, ikapenya hamamu, ikaingia bandani mwa farasi, ikatokomea huko nyuma.

"Mwendawazimu wee! Nilisema safu zilizo sawa!"

"Hukusema ngapi, Maulana. Kama moja ni chache, nitapanga safu elfu moja na tisa, kila safu sahani moja. Hesabu hii haina njia ya tatu."

Desturi ya mji ule ilikuwa kwamba mtu hali mpaka sultani asome dua kwenye kichwa cha kila safu, kisha awape mkono wageni wote hadi wa mwisho. Sultani akazipima dua elfu moja na tisa, akachagua moja.

Basi akaenda akitoa mkono, jasho likimtoka. Bandani akamkuta Waziri kakalishwa baina ya farasi wawili.

"Maulana, huyu ananila kwa macho!"

"Vumilia, safu isivunjike."

Ikawa mwisho wa safu ni chini ya mlimau, kando ya kaburi. Palikuwa na sahani, wala hapakuwa na mtu.

"Ya nani hii?"

"Ya Mize. Ndiyo ile moja iliyokuwa ikikubakia, Maulana. Mimi nimekwisha kuizoea."

Sultani akasimama kitambo, mkono wake ungali mbele. Mara ikasikika sauti ya Waziri: "Farasi amemaliza pilau yangu!" Sultani akacheka hata kilemba kikamwanguka.

"Basi banda latosha," akasema, "maana farasi wameshiba. Ua ni wako, Vuai. Na sahani hii asiiondoe mtu."

Akaketi chini, karibu na sahani ile, akala na Vuai. Hekaya yangu nayo yaishia pale ilipoishia safu.