Wakanda Shingo, Jino Laoza

Wakanda shingo, jino laoza. Mmeisikia, mmecheka, sasa mnauliza imetoka wapi. Imetoka jikoni kwa Ndeninsia, mtelemkoni mwa Mlima Meru, enzi zile majivu ya moto yalipokuwa dawa ya kila kitu na nyumba nzima ilinukia ndizi za kuchoma. Siku hiyo jikoni hapakukalika.

“Nipe huo wembe, mama. Mwanangu hachanjwi.”

“Mumeo nilimchanja papa hapa, akapona,” alifoka mama mkwe. “Wewe udaktari umesomea wapi?”

“Sijausomea. Lakini tumemkanda shingo kwa majivu juma zima na uvimbe uko palepale.”

Chini ya taya ya mwanawe, Anasia, upande wa kulia, tezi zilikuwa zimevimba kama njugu mawe. Homa ilimpanda, na Ndeninsia aliona wazi kwamba mwili wa moto namna ile hautaki jeraha jipya. Aliuchukua wembe, akaufunga kwenye pindo la kanga, akampa mtoto loshoro, mahindi ya kupikwa na maziwa ya mgando. Anasia alitafuna kwa kushoto tu, kichwa kakiinamisha.

“Fungua kinywa.”

“Unatafuta nini humo?” bibi alicheka. “Si meno ya kahawia kama yetu sote?”

Hapo ndipo walipokosea. Maji ya kule huyatia meno rangi, basi jino bovu likijificha humo hakuna anayelishtukia. Ndeninsia aliachana na rangi. Alichukua kijiko, akagonga kwa mpini jino moja moja. Alipofika kwenye gego la chini kulia, Anasia aliruka na kupiga yowe. Ufizi ulitoa usaha.

“Mama, tezi hazina kosa. Zinapigana na uoza wa hapa. Tunakwenda kwa mganga wa meno.”

“Kesho basi. Jua limeshapanda.”

“Sasa hivi.”

Bibi alilitazama jani la mgomba lililojaa majivu ya kukandia mkononi mwake, akalitupa motoni. Kisha akavua kanga yake ya mabegani, akamfunga mjukuu mgongoni mwa mamaye, wakashika njia ya zahanati.

Njiani jirani aliwapigia kelele, “Mnampeleka wapi huyo? Majivu yamewaishia?”

“Majivu tunayo tele,” bibi alijibu bila kusimama. “Wakanda shingo, jino laoza!”